Julian Bond

Horace Julian Bond (14 Januari 1940 – 15 Agosti 2015) alikuwa mwanasiasa, mwanaharakati wa haki za raia na mhadhiri wa historia nchini Marekani. Alikaa miaka 20 mfululizo katika bunge la jimbo la Georgia: kwanza Baraza la Wawakilishi (1967–1975), kisha Seneti (1975–1987). Anajulikana zaidi kwa kesi ya Bond dhidi ya Floyd ya mwaka 1966, iliyoweka kanuni kwamba wabunge hawana mamlaka ya kumnyima mwenzao kiti kwa sababu ya maoni yake.

Asili na elimu

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi wa elimu, na mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania. Mwaka 1957 Julian alijiunga na Chuo cha Morehouse mjini Atlanta. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioketi kwa makusudi katika migahawa iliyokataa kuwahudumia watu weusi, na Aprili mwaka huo alishiriki kuunda SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopinga ubaguzi bila kutumia nguvu. Aliacha masomo mwaka 1961 akawa msemaji na mkuu wa habari wa kamati hiyo, akivipasha vyombo vya habari taarifa za vipigo na kukamatwa kwa waliokuwa wakiandikisha wapiga kura Kusini mwa nchi. Alirudi Morehouse baadaye na kuhitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1971.

Uchaguzi na kunyimwa kiti

Kwa miaka mingi ugawaji wa maeneo ya uchaguzi Georgia uliyapa maeneo ya mashambani uzito zaidi kuliko miji. Mahakama zilipoamuru maeneo hayo yagawanywe upya kwa kufuata idadi ya watu, Atlanta ilipata viti vipya, na mwaka 1965 Bond aligombea kimojawapo kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu shida zao, akashinda kwa kura nyingi.

Tarehe 6 Januari 1966, siku chache kabla ya siku aliyopaswa kuapishwa, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo, lakini alipoulizwa na mwandishi wa habari alisema anakubaliana nalo. Wapinzani wake bungeni walidai kwamba mtu wa msimamo huo hawezi kula kiapo cha kuitetea Katiba kwa moyo wa kweli. Tarehe 10 Januari Baraza lilipiga kura 184 kwa 12 kumkatalia kiti. Martin Luther King Mdogo, ambaye naye alikuwa mkazi wa Atlanta, aliongoza maandamano kwenda bungeni kumtetea.

Bond alifungua kesi. Jopo la majaji watatu wa mahakama ya shirikisho lilitoa uamuzi dhidi yake kwa kura mbili kwa moja, naye akakata rufaa. Wakati huo kiti kilitangazwa kuwa wazi. Akashinda uchaguzi mdogo wa Februari, akakataliwa tena, na Novemba wapiga kura wakamchagua kwa mara ya tatu. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba haki zake zimevunjwa. Katika hukumu aliyoiandika, Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba jimbo linaweza kumtaka mbunge ale kiapo, lakini haliwezi kukitumia kiapo hicho kupima unyofu wake au kumziba mdomo. Mwakilishi wa watu anastahili uhuru mpana wa kujadili sera za serikali. Bond aliapishwa Januari 1967.

Kazi ya ubunge

Katika Baraza la Wawakilishi aliunda umoja wa wabunge weusi wa Georgia. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago, aliongoza pamoja na wenzake ujumbe ulioupinga ule wa Gavana Lester Maddox, mtetezi wa ubaguzi. Viti vya Georgia vikagawanywa kati ya pande hizo mbili. Jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais, akaliondoa, kwani alikuwa na miaka 28 na Katiba inadai 35.

Akiwa seneta alipigania Atlanta ipate eneo la uchaguzi wa Kongresi lenye wapiga kura wengi weusi. Mwaka 1982 mahakama ya shirikisho iliukataa mgawanyo wa awali kwa kuwa ulikusudia kupunguza nguvu ya kura zao, na eneo la tano likachorwa upya. Mwaka 1986 Bond hakutetea tena kiti chake cha Seneti bali aligombea eneo hilo, akaongoza katika mchujo wa chama, lakini duru ya pili ikachukuliwa na John Lewis, rafiki yake tangu siku za SNCC. Kampeni hiyo kali ilitia ufa urafiki wao. Lewis alilishikilia eneo hilo hadi kifo chake mwaka 2020.

Shughuli nyingine

Nje ya bunge, Bond alikuwa rais wa kwanza wa Southern Poverty Law Center (1971–1979), shirika la utetezi wa kisheria, na mwenyekiti wa NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi (1998–2010). Alisimulia mfululizo wa filamu Eyes on the Prize kuhusu harakati za haki za raia, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia na American University. Alifariki Florida akiwa na umri wa miaka 75.

Mchango wake mkubwa zaidi ni kanuni iliyotokana na kesi yake, ambayo bado inazifunga mahakama za Marekani: kiti cha mbunge hutolewa na wapiga kura, na wabunge wenzake hawawezi kukizuia kwa kuchukia anachokisema.