Meli Iliyopakwa Grisi Ikazamishwa

Wiki hii mazungumzo yetu yanaanzia nchi kavu, huku Ngorongoro, lakini yatatufikisha Ziwa Tanganyika. Naomba mvumilie safari.

Ndani ya kreta, kando ya mto Munge, yapo mabaki ya nyumba ya mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf. Bwana huyo na ndugu yake walikuwa na mashamba humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipowaondoa, nyumba ikabaki bila wa kuiezeka wala wa kuziba ufa. Leo ni gofu.

Vita hiyo hiyo iliwaondoa Wajerumani Kigoma, na huko waliacha meli. Meli ile haikuwa gofu. Tunaifahamu kwa jina la Liemba.

Ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifungwa kwa majaribio, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na masanduku yakafuata njia hiyo. Mafundi watatu wa Meyer walikuja nayo kuiunga upya, wakisaidiwa na vibarua wengi wa hapa kwetu. Ikashushwa majini Februari 1915, nchi ikiwa tayari vitani.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia, na Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe. Hapa ndipo habari inaponogea. Mafundi wale wale walioiunga walipewa kazi ya kuizamisha, lakini kwanza waliipaka mitambo yote grisi nzito, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua tena, na walipofuta ile grisi wakakuta injini na matangi ya mvuke bado yanafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini.

Nimeieleza habari ya grisi kwa kirefu kwa sababu ndiyo matunzo yenyewe. Mtu anayezamisha chombo chake huku akikipaka mafuta amekwisha kufikiri miaka kumi mbele.

Sisi wa Karatu matunzo si jambo geni kwetu. Mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto na wageni wamepungua, pita kwenye gereji uone: magari ya watalii yamepandishwa juu ya jeki, springi na shokapu zimetolewa, fundi yuko chini na tochi. Hakuna mwenye gari anayesubiri likatikie kwenye mteremko wa kreta likiwa na wageni sita.

Meli nayo hupandishwa. Mahali pake ni kwenye chelezo, ambako chombo hutolewa majini ili tumbo lake lionekane. Sheria za kimataifa zinadai meli ya abiria isafirishayo watu kati ya nchi na nchi baharini ikaguliwe chini kila mwaka, na angalau mara mbili katika miaka mitano ukaguzi huo ufanyike ikiwa nje ya maji. Zile meli kubwa za anasa zinazotia nanga Unguja na Mombasa, ambazo baadhi ya abiria wake huruka hadi huku kuona faru, hupelekwa chelezoni kwa wiki mbili tatu. Kutu hukwanguliwa, rangi hupakwa, rafadha hukaguliwa, na humo humo vitanda na mazulia hubadilishwa. Mgeni huona zulia jipya. Usalama wake uko kwenye bamba la chuma asiloliona. Na kiwanda cha Meyer kingali kipo, na kazi yake kubwa leo ni kujenga meli za namna hiyo. Mwaka 2024 kilipokaribia kufilisika, serikali ya Ujerumani iliingilia kati kukiokoa.

Meli ya baharini ikiugua, huenda yenyewe kwa mganga, awe Hispania au Singapuri. Liemba ni mfungwa wa ziwa. Haiwezi kutoka, hivyo mganga lazima aje Kigoma na vyuma vyake vyote. Ndiyo maana kila ukarabati wake umekuwa tukio la kihistoria badala ya kuwa desturi. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Kati ya mganga mmoja na mwingine meli ilibeba dagaa, mahindi, wajawazito na maiti. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 iliwatoa Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga.

Mtu ataniambia matengenezo ni gharama. Ni kweli. Lakini Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Sisemi chelezo peke yake kingeiokoa, kwa kuwa ilijaza kupita kiasi. Nasema chombo kilichozoeleka kukaguliwa kwa macho makali si rahisi kujazwa kiholela. Ziwa Victoria limepata funzo: MV Victoria, ya tangu miaka ya 1960, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020, na Mwanza pakajengwa chelezo kipya.

Liemba iliacha safari mwaka 2018. Watu wa Kirando, Kipili na Kasanga wakabaki na maboti ya mbao kwenye ziwa ambalo upepo wake wa kusi hauna huruma. Novemba 2023 mkataba wa ukarabati mkubwa ulitiwa saini na kampuni ya Brodosplit ya Kroatia ikishirikiana na kampuni ya nchini. Wajerumani, Waingereza, Wadenmark, na sasa Wakroatia. Ningependa kuuona ukurasa wa mkataba ule unaosema ni vijana wangapi wa Kigoma watakaoshika tochi na kuingia chini ya tumbo la meli pamoja na wageni hao, na ni nani atakayeipandisha tena miaka miwili mitatu baadaye, wageni wakiwa wamekwisha kwenda kwao.