Kunyonya na Kudunga: Historia Fupi ya Istilahi za Mfumo wa Fueli katika Magari ya Mashindano

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mfumo wa fueli ulivyobadilika katika magari yaliyoongezewa nguvu kwa ajili ya mashindano, na kuonyesha kwamba istilahi zake haziwezi kuteuliwa vema pasipo kuyafahamu mabadiliko hayo. Neno fueli nimelitumia kwa makusudi. Mafuta ni neno pana mno: humo mna petroli, dizeli, mafuta ya kulainishia injini, ya kupikia, hata ya kujipaka. Fundi aambiwaye kwamba "mafuta hayafiki" atauliza kwanza ni mafuta gani, naye ana haki.

Kwa miaka mingi injini ya petroli ilijilisha yenyewe. Katika kabureta ya kunyunyiza, ambayo Mjerumani Wilhelm Maybach aliibuni mwaka 1893, pistoni ishukapo huvuta hewa. Hewa hiyo ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, kanieneo yake hupungua, na petroli iliyomo katika bakuli la boya hunyonywa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Pampu ilikuwa na kazi moja tu, kulijaza bakuli. Aliyetaka nguvu zaidi alipanua jeti au aliongeza kabureta. Datsun 240Z iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971, na tena mwaka 1973, ilitumia kabureta.

Mbio hizo, zilizoanzishwa mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliidhihirisha kasoro ya kunyonya. Jeti iliyopimwa Mombasa, kando ya bahari, haifai Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, fueli huzidi, moshi huwa mweusi, na gari hulegea. Mafundi wetu waliyajua hayo vizuri ingawa hayakuandikwa katika kitabu chochote cha Kiswahili nilichopata kukisoma.

Njia ya pili ilianzia kwenye dizeli. Kampuni ya Bosch ilianza kuunda kwa wingi pampu za kudunga dizeli mwaka 1927, na ni kwa njia ya malori ndipo neno nozeli lilipozoeleka gereji. Mwaka 1954 Mercedes-Benz 300 SL ilidungwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 iliyodungwa kwa pampu ya kimakanika. Mwaka huo wa 1967, ambao pia ndio iliotungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, Bosch ilitoa mfumo unaoongozwa na umeme katika Volkswagen 1600.

Hapa ndipo istilahi zinapogongana. Wako wasemao kupuliza. Lakini kinachopulizwa ni hewa, na katika mfumo huu hewa haiibebi fueli kutoka bombani. Wako wasemao kunyunyiza. Neno hilo halikosei, ila kabureta nayo hunyunyiza, kwa hiyo halitofautishi kitu. Mimi nachagua kudunga, kwa sababu lina maana ya kuingiza kwa nguvu, kama mganga afanyavyo kwa sindano. Kifaa chenyewe kiitwe kidungio. Nozeli ibaki kwa dizeli: nozeli ya kawaida ya lori hufunguliwa na msukumo wa dizeli yenyewe, hali kidungio cha petroli cha mfumo wa umeme hufunguliwa na sumaku ya umeme. Fundi avipimaye kwa njia moja hatajua kipi kimeharibika.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja na turbo, yaani feni izungushwayo na moshi wa ekzosi ili kuishindilia hewa ndani ya injini. Toyota Celica zilizoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 zilikuwa za namna hiyo. Tuseme fueli iko katika kanieneo iliyozidi ile ya hewa ya nje kwa mara tatu ya kipimo chake. Turbo ikiongeza kipimo kimoja mbele ya kidungio, tofauti iliyobaki ni viwili, na fueli ipitayo hupungua hadi asilimia 82 hivi, wakati ambapo hewa imekaribia maradufu. Mchanganyiko uliopungukiwa fueli huwaka kwa joto kali na kwa kishindo. Pistoni hutoboka kwa dakika chache.

Gereji watu husema "presha ndogo", naye mwanafunzi hununua pampu kubwa. Lakini presha kwa fundi ni kanieneo, ni mgandamizo, na pengine ni wingi wa fueli kwa dakika. Mambo matatu kwa neno moja. Kanieneo na wingi haviendi sambamba: kuupata wingi maradufu kwa kidungio kile kile hatuna budi kuizidisha kanieneo mara nne. Hapo lazima kuwepo kidhibiti kanieneo, kilichounganishwa kwa mrija na njia ya hewa, ili fueli ipande kadiri hewa ipandavyo. Na pampu lazima ipimwe katika kanieneo hiyo ya juu, maana pampu itoshayo kwa tatu huenda isitoshe kwa nne. Kwa hiyo napendekeza kanieneo kwa msukumo wa fueli, mgandamizo kwa kazi ya pistoni peke yake, na mtiririko kwa wingi upitao katika muda fulani. Najua kanieneo ni neno la darasani, wala halijawa tamu mdomoni mwa fundi. Lakini presha haitatusaidia mpaka ipunguziwe mzigo.

Limebaki tangi dogo lifungwalo karibu na pampu ili gari likatapo kona kali, na petroli ikakimbilia upande mmoja wa tangi kubwa, pampu isivute hewa tupu. Nimesikia likiitwa tangi la akiba, ambalo tayari ni jina la tangi la ziada la safari ndefu. Tangi tulizi lingefaa, nami nangoja rai za mafundi.