Kigawanguvu, Si Kasha la Uhamisho

Orodha mpya ya istilahi za ufundi magari imeipa transfa jina la "kasha la uhamisho". Nilidhani ni kosa la uchapaji, lakini si kosa. Kuna kamati iliyokaa, ikajadili na kukubaliana, na sasa vijana wa ufundi watatakiwa kuandika hivyo kwenye mitihani yao. Naishi Bilele, mjini Bukoba. Magari ya fowili ya zamani, Land Cruiser za mkonga, Land Rover 110, Pajero na RAV4 za mwanzo, yanapita hapa kila siku kwenda na kurudi Muleba, na sijapata kumsikia fundi, dereva wala muuza spea akitamka uhamisho akimaanisha kifaa hicho.

Uhamisho kwetu ni barua. Mwalimu wa Nshamba akipata uhamisho kwenda Biharamulo, Nshamba hayupo tena. Ndiyo maana ya kuhama: kuondoka hapa ili uwe kule. Ndani ya transfa hakuna kinachohama. Nguvu ya kuzungusha inatoka kwenye giaboksi na kupata njia mbili, propela ya mbele na propela ya nyuma, na ya mbele ikipewa, ya nyuma hainyang'anywi yote. Inagawiwa. Kamati ilitazama neno la Kiingereza, haikukitazama chuma. Kasha nalo, neno tulilolipata kwa Wareno, ni chombo cha kuhifadhia vitu. Lingelifaa ganda la nje la aluminiamu, basi.

Ninalolitetea mimi ni kigawanguvu. Shina lake ni gawa, na shina hili lina ukoo mkubwa kuliko wanavyodhani wanaokaa mbali na ziwa. Mhaya husema okugaba, yaani kutoa, kumpa kila mtu fungu lake. Mganda naye husema okugaba. Jirani zao wa Nkore walimwita mtawala wao Omugabe, na wengi hulifasiri jina hilo kuwa ni mgawaji, yule anayetoa. Sauti b ya Kihaya inakutana na w ya Kiswahili kwa utaratibu, si kwa bahati: abaana ni wana, abantu ni watu, na okugaba ni kugawa. Kwa hiyo kijana wa Kamachumu anayejifunza umakanika kwa Kiswahili hapewi neno geni. Anapewa neno ambalo bibi yake analitumia akipakua chakula. Nilipolieleza jambo hili mbele ya watu wa istilahi, mjumbe mmoja alisema kwamba neno linalotafuta ndugu Uhayani si la kitaifa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na ndugu zake wako Uhayani, wapende wasipende.

Umbo lake nalo ni la kawaida kabisa. Kiambishi ki-, kisha tendo, kisha kinachotendwa: kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto, kifunguakinywa. Hakuna Mswahili anayejikwaa kwenye kipazasauti. Tena neno langu halikuchukua kigawo wala kigawe, ambayo ni mali ya walimu wa hesabu na KKS na KDS zao. Nguvu iliyofungamanishwa na kigawa- inazuia mkanganyiko huo.

Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu kwa mengine, anapigia debe "kigawamwendo". Linavutia sikioni, ila ni la uongo. Kwenye Land Cruiser ya mkonga ukishaweka fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka kwa mwendo ule ule. Mwendo haukugawiwa hata kidogo. Kilichogawiwa ni nguvu, na kila upande unachukua kadiri tairi zake zinavyoshika ardhi. Kwenye RAV4 za mwanzo za fowili ya kudumu, kuna difu ya katikati inayoruhusu mbele na nyuma zitofautiane mwendo, na hapo pia kinachogawiwa ni nguvu. Neno moja linabeba hali zote mbili, lake linaikosa mojawapo.

Wapo pia wa "giaboksi ndogo". Hao wamekiona kifaa, na nawashukuru kwa hilo. Kweli transfa nyingi zina gia ndogo ya kupandia milima: LT230 ya Land Rover hupunguza mzunguko kwa uwiano wa 3.32 kwa 1, na nguvu huongezeka kwa kiasi hicho hicho ukiondoa msuguano. Lakini RAV4 niliyoitaja haina gia hiyo, na kazi yake inaifanya. Na anayeuliza kama difu si kigawanguvu pia, kwa kuwa inagawa kushoto na kulia, nitamwambia kwamba difu ina jina lake tayari na hakuna aliyelilalamikia. Uji wa saa nne usiku unafungua kinywa pia, na hatuuiti kifunguakinywa.

Sina ugomvi na "transfa" midomoni mwa mafundi. Ila kitabu cha chuo kinahitaji neno linalomweleza mwanafunzi kazi ya kifaa, maana kutoijua kazi hiyo ndiko kunakokiua. Dereva anaweka fowili kupanda Kamachumu kutokea Muhutwe wakati wa mvua. Tope linaziruhusu tairi ziteleze, hakuna madhara. Kisha anashuka kwenye lami ya Muleba bila kuitoa. Kwenye kona tairi za mbele zinakwenda umbali mrefu kuliko za nyuma, lami kavu haiteleziki, na nguvu isiyo na pa kutokea inabaki ndani ikiminya gia, beringi na, kwenye Pajero, mnyororo. Tairi za mtumba za saizi tofauti mbele na nyuma hufanya vivyo hivyo polepole.

Matumizi, kwa kifupi: ngeli ya KI-VI, wingi vigawanguvu. Kigawanguvu kinavuja sili. Kigawanguvu kinaruka gia. Mnyororo wa kigawanguvu umelegea na kugonga. Kikilia kama king'ora, kikaguliwe oili kwanza. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kama gia bado nzima, kinafumuliwa na kufungwa upya kwa beringi na sili mpya. Kama gia zimeliwa meno au ganda limepasuka, ni nafuu kununua kingine cha mtumba, mradi namba na uwiano wake vilingane na vya kile cha zamani.

Orodha ile bado haijafika vyuoni. Chuo cha VETA cha mkoa wetu kiko Burugo, na mafundi waliozeeka chini ya Land Rover wako mjini hapa. Naiomba kamati ifunge safari, ifunguliwe kigawanguvu kimoja mbele yake, ishike shafti ya kuingilia na zile mbili za kutokea, kisha ipige kura upya.