Umerkantili na uliberali: Nadharia mbili zilizomtawala mkulima wa kahawa Nyeri

UMERKANTILI na uliberali ni mikondo miwili ya fikra za kisiasa na kiuchumi iliyozaliwa Ulaya, lakini athari zake zinasomeka hata katika mashamba ya mibuni yanayouzunguka mji wa Nyeri. Mkondo wa kwanza unashikilia kwamba biashara ni chombo cha dola, hivyo sharti dola iielekeze. Wa pili unashikilia kwamba mtu binafsi ana haki ya kuzalisha na kuuza apendavyo, na kwamba wajibu wa serikali ni kuilinda haki hiyo. Mkulima wa kahawa wa Nyeri ameishi chini ya mikondo yote miwili kwa zamu.

Asili ya nadharia

Umerkantili ulitamalaki Ulaya kati ya karne ya 16 na ya 18. Wafuasi wake waliamini kuwa utajiri wa taifa hupimwa kwa dhahabu na fedha iliyomo hazinani. Kwa sababu hiyo, taifa lilipaswa kuuza ng'ambo zaidi ya lilivyonunua. Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, alivikinga viwanda vya nchi yake kwa ushuru mkubwa. Uingereza nayo, kuanzia 1651, ilitunga sheria zilizolazimisha bidhaa za makoloni kusafirishwa kwa meli zake. Koloni lilikuwa na kazi mbili: kutoa malighafi na kununua bidhaa za viwandani.

Uliberali uliibuka kama pingamizi. Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifunza kwamba binadamu ana haki ya asili ya uhai, uhuru na mali. Mnamo 1776, Mskoti Adam Smith alichapisha The Wealth of Nations, akieleza kuwa utajiri wa taifa hutokana na kazi ya watu wake, wala si dhahabu iliyofungiwa hazinani. Aliushambulia ukiritimba kwa kuwa huwaneemesha wafanyabiashara wachache huku umma ukigharamika. Hata hivyo, Smith hakuifuta serikali. Aliiachia ulinzi, mahakama na kazi za umma ambazo faida ya mtu binafsi haiwezi kuzigharamia. Sehemu hii ya mafunzo yake husahaulika mara nyingi.

Koloni lenye sura mbili

Kenya ilitawaliwa na Waingereza wakati ambapo Uingereza yenyewe ilijinadi kuwa ngome ya biashara huria. Ilikuwa imefuta sheria za kulinda bei ya nafaka tangu 1846. Isitoshe, Mkataba wa Berlin wa 1885 uliifanya Afrika Mashariki sehemu ya eneo ambalo bidhaa za mataifa yote zilistahili kutozwa ushuru bila ubaguzi.

Mlango wa bandari ulikuwa wazi, lakini nyumba ilikuwa na makufuli ndani. Ardhi ya nyanda za juu ilitengewa walowezi. Kodi ya kibanda iliwasukuma Waafrika kutafuta kazi ya ujira, na kipande kikazibana nyendo zao. Kahawa, zao lenye faida kubwa, ililimwa kwa leseni, na kwa miongo mingi Mwafrika hakuipata leseni hiyo. Majaribio madogo yaliruhusiwa Meru, Embu na Kisii katika miaka ya 1930, ilhali Nyeri ilisubiri hadi miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa wakati wa hali ya hatari, ndio uliofungua mlango kwa upana.

Dhuluma ya ardhi na kunyimwa mazao ya kuuza ni miongoni mwa mambo yaliyochochea vita vya Mau Mau. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, kitongojini mwa Nyeri, kusalimisha silaha. Bunduki ziliwekwa chini. Swali la nani angefaidi jasho la mkulima likabaki.

Bodi yashika hatamu

Serikali ya uhuru haikuyavunja makufuli yote; mengine iliyabadilisha mikono tu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika ulikubali mali ya kibinafsi, lakini ukaipa serikali usukani wa uchumi. Kahawa yote ilipitia kwa Bodi ya Kahawa, na mkulima hakuruhusiwa kung'oa mibuni bila idhini. Kimataifa, mkataba wa kahawa wa 1962 uliweka mgao wa mauzo kwa kila nchi ili kutegemeza bei.

Mfumo huo ulikuwa na mizigo yake: malipo yalichelewa na makato yalikuwa mengi. Hata hivyo, ulikuwa na mnunuzi wa hakika. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 130,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena.

Soko huria na machungu yake

Julai 1989 mgao wa kimataifa ulisitishwa na bei zikaporomoka. Katika miaka ya 1990, chini ya shinikizo la wafadhili, Kenya ililegeza udhibiti wa bei, wa uagizaji bidhaa na wa fedha za kigeni. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1997 ilipunguza mno usimamizi wa serikali, na Sheria ya Kahawa ya 2001 ikaiondolea bodi jukumu la kuuza zao hilo.

Katika Nyeri, uhuru huo ulikuja kabla ya ulinzi wake. Vyama vikubwa viligawanyika, pengine kwa vurugu. Kutokana na chama cha Mathira kulizuka vyama vidogo vyenye majina yaliyounganishwa kutokana na viwanda vyake: Tekangu ni Tegu, Karogoto na Ngunguru, Gikanda ni Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Baadhi vilipata wanunuzi wazuri ng'ambo. Vingine vilizama katika madeni na ufisadi wa viongozi. Mnamo 2004 serikali ilirekebisha sheria na kurejesha sehemu ya usimamizi iliyokuwa imeuacha. Hata hivyo, katika miaka ya 2010 mavuno ya taifa hayakuvuka tani 50,000 hivi kwa mwaka.

Mageuzi ya 2023, yaliyosimamiwa na aliyekuwa naibu rais Rigathi Gachagua, mzaliwa wa Mathira, yaliupitisha malipo ya mnada katika mfumo wa benki unaomlipa mkulima moja kwa moja. Ni soko, lakini soko lenye mkono wa dola.

Historia hii haimpi ushindi Colbert wala Smith. Chini ya ukiritimba, mkulima alikuwa na soko bila sauti. Chini ya soko huria, alipewa sauti bila mizani ya haki. Nadharia yoyote itakayoletwa baada ya hizi itastahili kupimwa kwa jambo moja: aliyechuma kahawa amelipwa kiasi gani, na amelipwa lini.