Kisutu, Ubungo, Mbezi: Nani Hulipa Nauli ya Pili?

Jumatano ya 24 Februari 2021, Rais John Magufuli alizindua daraja la ghorofa tatu la Ubungo na kulipa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla. Siku hiyo hiyo alifungua kituo kipya cha mabasi ya mikoani Mbezi Louis, kilichogharimu zaidi ya shilingi bilioni 50 na kupewa jina lake mwenyewe. Na siku hiyo hiyo akaivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa imeusimamia ujenzi wa kituo hicho. Stendi ilizaliwa na mzazi wake akazikwa kwa mpigo mmoja, na wiki tatu baadaye Rais naye alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Wakazi wa Dar es Salaam hawakuandamana kuipinga stendi. Jengo walilisifu, na lilistahili: abiria alipata pa kukaa, paa lisilovuja na vyoo vya maana, vitu ambavyo katika stendi ya zamani ya Ubungo vilikuwa vya bahati nasibu. Manung'uniko yalikuwepo, kwenye daladala na vijiweni, juu ya umbali na juu ya kulipia getini hata kwa mtu aliyekuja kumsindikiza mama yake tu. Lakini jibu lenyewe la umma halikutolewa kwa maneno. Haukupita muda mabasi yakawa yanapakia Shekilango, Urafiki, Temeke na Mbagala, mbele ya ofisi za kampuni zao, na viongozi wa mkoa wakaanza kukemea "stendi bubu".

Ukitaka kujua watu wameipokeaje stendi mpya, tazama wanasimama wapi na mabegi yao. Kwa kipimo hicho, historia ya stendi za Dar es Salaam ni historia ya nauli ya pili: ile ya kutoka nyumbani hadi basi lilipo, ambayo haiandikwi kwenye tiketi yoyote.

Kwa muda mrefu nauli hiyo ilikuwa ndogo. Reli iliyoanza kutoka bandarini kuelekea Morogoro mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914 ilikuwa na stesheni yake hatua chache kutoka ufukweni, na mji wote ulikuwa jirani yake. Mabasi yalipokuja yakaufuata mtindo huo huo. Kampuni ya DMT ilianza usafiri wa mjini mwaka 1949. Ikataifishwa, kisha 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na jiji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. KAMATA ilikwisha kufa, lakini mkazi wa Kariakoo bado atakuelekeza "shuka Kamata", na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuliona basi lake hata moja.

Biashara ya mabasi ilipoachiwa watu binafsi, Dar es Salaam haikuwa na stendi moja. Ya Moshi na Arusha yalipakia Kisutu, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Ya kusini, Lindi na Kilwa, yaliondokea Mnazi Mmoja. Mengine yalijazana Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ilikuwa vurugu tupu: basi linarudi nyuma huku konda anapiga ubavu wa bodi kwa kiganja, wauza mitumba hapa, mikokoteni pale, vibaka katikati yao. Hakuna haja ya kuipamba Kisutu kwa sababu tu imepita.

Ila vurugu ile ilikuwa na hesabu yake. Daladala nyingi za jiji ziliishia mjini, Posta au Kariakoo. Aliyetoka Mbagala, Gongo la Mboto, Tandale au Kawe alipanda gari moja, akashuka na kutembea hatua chache na begi lake. Kisutu haikuwa karibu na kila mtu, lakini ilikuwa umbali wa daladala moja kwa karibu kila mtu. Stendi zote zilizofuata zilianza kwa kulipoteza jambo hilo, na wapangaji wa jiji hulihesabu kwa nadra, kwa vile wao huhesabu mabasi yanayoingia mjini, si watu wanaotoka kuyafuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yakahamishiwa Ubungo, kama kilomita 10 kutoka Posta. Zamani Ubungo ilikuwa ncha ya mji: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa 1968, kiwanda cha zana za kilimo, mitambo ya umeme, halafu mashamba. Sababu za kuhama, yaani ile vurugu ya katikati ya mji, zilikuwa za haki. Lakini abiria wa Temeke sasa alihitaji gari mbili, na tatizo la saa likalifanya la umbali kuwa chungu zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabasi ya masafa marefu yalikatazwa kutembea usiku, kwa hiyo ya Mwanza, Mbeya, Songea na Arusha yote yalingoja saa 12 asubuhi yatoke kwa pamoja.

Hapo ndipo Ubungo ilipoipata sura yake. Saa kumi alfajiri, jiji likiwa bado limelala, taa za stendi zilikuwa zimewaka na wapiga debe wanamgombea mtu mmoja, huyu kashika mkono, yule kashika begi, kila mmoja anaapa kwamba basi lake ndilo linaloondoka "sasa hivi". Muuza mayai ya kuchemsha alipita dirishani na kopo la kachumbari, akamenya yai kwa vidole vitatu huku mkono wa pili ukirudisha chenji, basi likiwa tayari limeanza kutembea. Aliyetoka mbali alikodi teksi usiku au alilala gesti za Manzese na Sinza, na gesti hizo zilistawi kwa sababu hiyo. Nauli ya pili iliweza kuikaribia ile ya safari yenyewe, hasa kwa aliyekuwa anakwenda Morogoro tu.

Halafu taratibu Ubungo ikazoeleka. Daladala ziliifuata stendi: zikaja njia za Ubungo kwenda Temeke, Mbagala, Kawe, Gongo la Mboto. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, Kimara hadi Kivukoni, Ubungo ikawa na kituo chake njiani. Yaani miaka kama 17 baada ya kuhama, stendi ilikuwa hatimaye imefungwa kamba na jiji. Muda mfupi baadaye ikaamuliwa ihame tena.

Sababu za mara hii nazo zilikuwa nzito. Sensa ya 2002 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa karibu milioni 2.5, ya 2022 ikapata milioni 5.38. Njiapanda ya Ubungo, Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, ilikuwa imegeuka mahali pa kuzimia injini na kununua karanga. Daraja lilihitaji nafasi, mabasi makubwa yalihitaji kutolewa pale, na barabara ya Kimara hadi Kibaha ilihitaji kupanuliwa. Wa kwanza kulipa walikuwa wenye nyumba. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa nyumba zilizokuwa zimechorwa X nyekundu, kwa hoja kwamba ziko ndani ya hifadhi ya barabara, na wengi hawakupata fidia. Stendi ya Mbezi inapozungumzwa kama suala la abiria na mabasi tu, watu hawa husahauliwa, nao walikuwa umma ule ule.

Mbezi iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Njia maalumu ya mwendokasi iliishia Kimara. Kutoka pale, basi liliingia kwenye foleni na magari mengine. Na Mbezi iko upande mmoja tu wa jiji. Dar es Salaam ni kiganja chenye vidole vinne: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Mkazi wa Mbagala anayekwenda Lindi anaishi kwenye barabara ya kwenda Lindi. Kumtaka avuke jiji zima hadi Mbezi, apande basi litakalomrudisha hadi mlangoni kwake ndipo lianze safari, ni jambo ambalo hata mtoto angeuliza kwa nini. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, abiria wa kusini wameongezeka, na swali lao limeongezeka nao.

Kuna pia vifurushi, ambavyo hotuba za uzinduzi huvisahau. Basi la mkoani ndilo posta ya watu wengi: boksi lililofungwa kamba ya katani, namba mbili za simu zimeandikwa kwa maka peni, ndani dagaa wa Mwanza au sare za shule za mtoto aliye bweni Iringa. Mzigo wa nauli ndogo hauwezi kufuatwa Mbezi kwa bodaboda ya bei kubwa kuliko wenyewe. Kampuni ziliendelea kuwa na ofisi za mizigo mjini na Shekilango, na ofisi ikishakuwa na mizigo, tiketi na benchi la kungojea, imebaki hatua moja tu kuwa stendi.

Viongozi wa mkoa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, walitoa maagizo zaidi ya mara moja kwamba mabasi yaanzie Mbezi. Lawama ziliwaangukia wenye mabasi, nami naona zilielekezwa kombo. Mwenye basi haendi Shekilango kwa ubishi. Anakwenda kwa sababu siti zinajaa kule. Hoja ya ukaguzi ina uzito wake: stendini trafiki humpima dereva ulevi na gari hutazamwa matairi. Lakini basi la Shekilango la kwenda bara kupitia Barabara ya Morogoro halina budi kupita Mbezi, na lingeweza kukaguliwa pale.

Miji mingine imepitia njia hiyo hiyo. Tanga ilipeleka mabasi Kange. Iringa iliyapeleka Igumbilo, chini kabisa kwenye barabara kuu, na sasa anayepanda mlima kwenda mjini ni abiria badala ya basi. Mwanza ilifanya jambo ambalo Dar es Salaam ingeweza kuliiga mapema: Nyegezi kwa upande mmoja wa safari, Nyamhongolo kwa upande wa Musoma.

Mwaka 2023 zuio la safari za usiku liliondolewa, na ile saa 12 ya pamoja ikavunjika. Mwaka uliofuata treni ya reli mpya ya SGR ikaanza kwenda Morogoro, kisha Dodoma, kutoka katikati ya mji, jirani na stesheni ya zamani. Abiria wa Dodoma akarudishiwa ghafla daladala yake moja, na mabasi ya njia hiyo yakaonja ushindani ambao hayakuwahi kuuona.

Ubungo nako, pale palipokuwa na stendi, kumejengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kinacholenga wanunuzi wa jumla kutoka mikoani na nchi jirani. Mfanyabiashara wa Mbeya anayekuja kwa basi kununua bidhaa hapo atashushwa Mbezi, atalipa daladala kurudi hadi mahali basi lake lilipokuwa likiegesha zamani, atanunua, kisha jioni atabeba maboksi yake hadi Shekilango kuulizia siti.