Kombe la Gossage na Funzo Lake kwa Chama Chetu



Mwaka huu swali moja limerudi mara kwa mara katika mikutano yetu: je, vijana wa Njiru na wenzao wa Ruai, Kayole na Dandora wangoje mpaka apatikane tajiri wa kuwapa kombe, ndipo waanze kushindana kwa timu? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame habari za mashindano ambayo wazee wetu waliyajua kwa jina la Kombe la Gossage, maana ndiyo mzizi wa mashindano ya mpira ya nchi za Afrika Mashariki na Kati.

Jina hilo halikuwa la mchezaji wala la gavana. William Gossage alikuwa mtengenezaji wa sabuni katika mji wa Widnes, Uingereza, naye alifariki mwaka 1877. Kombe lilitolewa na kampuni iliyobaki na jina lake; hivyo kila mtu alipolitaja kombe, aliitaja na sabuni. Kenya na Uganda zililigombania kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Mchezo ulikwisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Uliporudiwa, Kenya ikashinda 2 kwa 1. Tukumbuke kwamba siku zile reli ilikuwa haijafika Kampala; ilifika mwaka 1931. Mtu wa Uganda aliyetaka kuja Nairobi hakuwa na budi kuvuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Kisumu, kisha apande gari la moshi.

Kwa karibu miaka 20 washindani walikuwa hao wawili tu. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949.

Sisi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi tuna fungu letu katika habari hizi. Uwanja ulio kando ya Jogoo Road, barabara ambayo zamani iliitwa Donholm Road, ulijulikana kuwa Uwanja wa Waafrika. Na vyama vya kusaidiana mjini, kama hiki chetu, vilikuwa walezi wa mchezo. Luo Union kilikuwa chama cha kufaana kwa mambo ya shida na raha kabla jina lake halijawa la timu ya mpira. Abaluhya United nayo ilizaliwa mwaka 1964 kwa kuunganishwa timu ndogo ndogo za Waluhya. Katika vyama vya namna hiyo ndimo walimokua wachezaji wa nchi, mfano wa Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, ambaye sifa zake zilienezwa na redio hata kwa watu wasiopata kumwona uwanjani.

Kombe la Gossage lilikoma mwaka 1966. Jina la sabuni likaondoka, lakini mashindano hayakuondoka. Kuanzia mwaka 1967 yaliitwa Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1973 yakaanza kuchezwa chini ya CECAFA, mjini Kampala, Uganda ikashinda. Tena likaja jaribio kubwa zaidi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Hata hivyo mwaka huo huo timu zilikutana Mogadishu zikacheza. Mambo yaliyowashinda wakubwa wa serikali hayakuwashinda watu wa mpira, kwa sababu walikuwa na ratiba yao, kanuni zao, na desturi ya kupokezana uenyeji.

Na tusisahau Zanzibar. Ilikuwa ndogo kuliko wenzake wote, ikashindana tangu 1949 bila kulitwaa kombe, wala haikujitoa. Mwaka 1995 ikashinda, miaka 46 baada ya kuingia. Mwaka 2017 ilifika tena fainali hapa Kenya, ikashindwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti tu. Subira yavuta heri.

Basi, wazee na ndugu, jibu la swali letu ni hili. Tajiri akija, tumshukuru, lakini tusimngoje. Mwenye sabuni alitoa kombe, naye alikwenda zake. Waliobaki ni wale waliokubaliana siku, wakapokezana uwanja, wakatii mwamuzi, wakachanga nauli. Haya yote yamo katika uwezo wetu kwa ada ndogo ya kila mtaa. Tena liongezwe jambo moja: tangu mchezo wa kwanza, karani wa kila timu aandike majina ya vijana wote waliocheza, si ya wafungaji wa mabao peke yao. Majina ya wengi waliotoka jasho kwa ajili ya Kombe la Gossage hayatajwi tena na mtu, lakini jina la sabuni bado twalijua.