Mchezo wa Taifa Usiotangazwa: Soka, Utani na Kiswahili nchini Tanzania

1. Utangulizi

Sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa nchini Tanzania ilikipa chombo hicho jukumu la kuendeleza michezo kwa ujumla wake. Haikuuteua mchezo mmoja na kuuvika hadhi ya mchezo wa taifa. Pamoja na hayo, Mtanzania akisema "mpira" bila kuongeza neno, huchukuliwa kuwa anazungumzia soka, si mpira wa kikapu, wa wavu wala wa pete. Jina la jumla limekuwa jina la mchezo mmoja. Makala haya yanachunguza historia ya hali hiyo na yanatoa hoja kwamba mchezo huwa wa taifa pale watu wa kawaida wanapopata ndani yake vitu viwili: chama wanachokihesabu kuwa chao, na lugha ya kubishana bila kuvunja ujirani.

2. Ushindi na ukale si vigezo

Hudhaniwa mara nyingi kwamba taifa huupenda mchezo linaoshinda. Historia ya Tanzania inalikanusha dai hilo. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500. Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hadi kumalizika kwa michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki. Mwaka huohuo wa 1980 timu ya taifa ya soka ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, ikarudi bila ushindi. Ilirejea mwaka 2019, na hadi mwisho wa fainali za 2023 ilikuwa imecheza mechi 9 bila kushinda hata moja. Lau ushindi ungekuwa kigezo, riadha ndiyo ingekuwa mchezo wa taifa.

Ukale nao hautoshi. Bao lina mizizi mirefu zaidi pwani, na Julius Nyerere mwenyewe alijulikana kuwa mchezaji wake. Hata hivyo, bao ni shindano la watu wawili barazani. Halikuzaa makundi makubwa ya watu waliojitambulisha kwalo.

3. Kutoka shuleni hadi mtaani

Mwishoni mwa karne ya 19 soka ilikuwa ikichezwa na wanafunzi wa shule ya misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Kriketi na gofu zilihitaji vifaa na viwanja vya kutunzwa, na kwa kiasi kikubwa zilibaki katika klabu zilizobagua watu kwa rangi. Soka ilihitaji uwazi na matambara yaliyoviringwa na kufungwa kwa kamba. Chandimu ya watoto haikuomba ruhusa ya mtu.

Wepesi huo uliufikisha mchezo mtaani, lakini klabu ndizo zilizoufanya udumu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1936 ikafuata timu iliyokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971, Simba. Katika mji wa kikoloni ambao Mwafrika hakuwa na sauti katika uendeshaji wake, klabu ilimpa nafasi ya kuchagua viongozi, kuchanga fedha na kuitisha mkutano. Aidha, klabu hizi mbili hazikujengwa juu ya kabila. Jijini Nairobi hali ilikuwa tofauti: Gor Mahia ilikua ndani ya jamii ya Waluo, na AFC Leopards awali ilibeba jina la Abaluhya.

4. Utani kama katiba isiyoandikwa

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Istilahi hiyo haikuzaliwa uwanjani. Utani ni uhusiano wa jamii na jamii, kama ule wa Wahehe na Wangoni, ambao walipigana katika karne ya 19. Mtani ana ruhusa ya kukejeli hata msibani, na ana wajibu wa kusaidia kuzika. Uhusiano huo ulipohamishiwa kwenye soka, mashabiki walipata kanuni waliyokwisha kuifahamu: aliyefungwa Jumamosi atavumilia kejeli kazini Jumatatu, naye atangoja zamu yake.

Kiswahili kikawa chombo cha kejeli hizo, na redio ikazisambaza nchi nzima. Misemo ya uwanjani ikavuka mipaka ya mchezo. Mwanasiasa hupiga chenga swali, hujifunga kwa kauli yake, na kampeni huingia dakika za lala salama. Mchezo unaoipa nchi misemo ya kuzungumzia mambo yake mengine umekwisha kuwa wa taifa.

Hata hivyo, kanuni hii ina mipaka. Utani huweza kugeuka uhasama, na kwa miongo mingi klabu na baraza zake zilikuwa za wanaume zaidi kuliko wanawake.

5. Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa nchi jirani zinazokuza Kiswahili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Matangazo hayo yanahitajika, kwa kuwa shule na ofisi huendeshwa kwa sheria. Lakini soka ilitamalaki Tanzania bila tangazo, na lugha yenye tangazo pekee inaweza kubaki kwenye makaratasi. Kanda hii ina mahali pa kuanzia: Kombe la Gossage lilizikutanisha Kenya na Uganda tangu 1926, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Ndilo chimbuko la Kombe la Chalenji la CECAFA. Washauri wa sera wanaotafuta njia ya kukiingiza Kiswahili katika maisha ya kila siku waanze kwa kudhamini utangazaji wa mechi hizo kwa Kiswahili katika redio za jamii, Kampala, Kigali na Bujumbura. Watu hujifunza haraka lugha ya jambo wanalotaka kulibishania.